Maswali na majibu: Siku tano za seftriaksoni baada ya upasuaji wa uzazi

Swali: Mimi ni mfamasia wa hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Katika wodi yetu ya wazazi, kila mama aliyejifungua kwa upasuaji anapewa antibiotiki mbili za sindano, seftriaksoni gramu 1 mara mbili kwa siku na metronidazoli miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku tano mfululizo, awe na homa au asiwe nayo. Tulifanya semina na kubandika ukutani mwongozo wa dozi moja kabla ya upasuaji. Mwezi uliofuata matumizi yalishuka, kisha yakarudi palepale. Sasa Kamati ya Dawa na Tiba imenipa kazi ya kufanya utafiti mdogo. Nipime nini, na kwa muda gani? Na nimjibu nini daktari anayesema mazingira yetu si ya Ulaya, tukiacha siku tano mishono itaoza?

Jibu: Nianze na daktari wako, maana asipojibiwa, takwimu zako zitaishia kwenye makabrasha. Hiyo kauli ya "mazingira yetu si ya Ulaya" naletewa mara kwa mara, na katika mambo yote ya dawa hospitalini hakuna linalonikera kama hili, kwa sababu linaifanya sindano ishike nafasi ya sabuni.

Bakteria wa mshono huingia pale kisu kinapopita. Antibiotiki ya kinga inatakiwa iwakute mlangoni, yaani iwe tayari kwenye damu na kwenye nyama ngozi inapochanwa. Daktari mpasuaji John Burke alilionyesha hili mwaka 1961 kwa simbilisi: dawa iliyotangulia bakteria ilizuia uvimbe, ila iliyocheleweshwa zaidi ya saa tatu baada ya bakteria kuingia haikusaidia kitu. Mshono ukishafungwa, mishipa midogo ya kingo zake imeziba, na damu iliyoganda chini yake haifikiwi vizuri na dawa inayozunguka mwilini. Mama anayedungwa dozi ya kwanza saa sita baada ya kurudi wodini amekosa kinga, hata akimaliza vichupa kumi.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza dozi moja ya sefalosporini ya kizazi cha kwanza au ya jamii ya penisilini, itolewe kabla ya ngozi kuchanwa. Ile desturi ya kusubiri kitovu kifungwe imeshapitwa na wakati. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2016 kuhusu maambukizi ya vidonda vya upasuaji unasema dozi za kinga zisiendelezwe upasuaji ukishakwisha, na uliandikwa kwa ajili ya nchi zote, zenye uwezo na zisizo nao. Kwa vitendo ni sefazolini, ya kizazi hicho cha kwanza, gramu 2, au gramu 3 kama mama ana kilo 120 na kuendelea, idungwe polepole kwenye mshipa ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Irudiwe upasuaji ukizidi saa nne au damu iliyopotea ikizidi mililita 1,500. Sefazolini ikikosekana, tumia ampisilini gramu 2. Na hata kama kabatini imebaki seftriaksoni peke yake, dozi moja kabla ya kisu ina faida kuliko kumi baada yake.

Mama aliyefika na homa, maji yenye harufu na chupa iliyopasuka tangu jana yake ana maambukizi tayari, na huyo anatibiwa. Usimchanganye na wa kinga, na kwenye fomu yako awe na safu yake.

Kama chumba cha upasuaji ni kichafu, kisafishwe. Otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, ifike nyuzijoto 121, na vifurushi vilivyofungwa vikae humo dakika 30 kuanzia joto hilo linapofikiwa, wala si kuanzia swichi inapowashwa. Ule mkanda unaobadilika rangi nje ya kifurushi unathibitisha kwamba joto limegusa nje tu. Weka kiashiria kingine katikati ya nguo. Wembe wa kunyolea uondolewe kabisa, kwa kuwa unaacha mikwaruzo ambayo bakteria wanajificha humo. Kama nywele zinasumbua, zikatwe kwa mashine. Ngozi ipakwe klorheksidini yenye spiriti na iachwe ikauke yenyewe, uke usafishwe kwa povidoni-ayodini muda mfupi kabla ya upasuaji. Hayo ndiyo yanayookoa mshono katika mazingira yetu. Hakuna hata moja kati yake ambalo seftriaksoni ya siku ya tatu inaweza kulifidia.

Sasa vipimo. Kabla hujaisifu semina, fungua leja ya stoo ya mwezi ule matumizi yaliposhuka. Mara nyingi utakuta vichupa vilikuwa vimekwisha na mzigo kutoka Bohari ya Dawa ulikuwa haujafika. Semina imepewa sifa za kabati tupu.

Wengi hukimbilia kipimo cha DDD (dozi ya kawaida ya siku kwa mtu mzima) kwa siku 100 za kitanda. Kinafaa kwa hospitali nzima, lakini kwenye wodi ya wazazi kinaweza kukuaibisha mbele ya Kamati. Tuseme kina mama wa upasuaji ni 40 kwa mwezi, vichupa kumi vya gramu 1 kila mmoja: gramu 400. DDD ya seftriaksoni ni gramu 2, kwa hiyo ni DDD 200. Wodi ikiwa na siku za kitanda 600, unapata 33.3. Baada ya mabadiliko, dawa inashuka kwa asilimia 10 hadi DDD 180, lakini kina mama hao, kwa kuwa hawasubiri tena sindano, wanaruhusiwa siku ya tatu badala ya ya tano, na siku za kitanda zinabaki 520. Piga hesabu: 34.6. Dawa imepungua, kipimo kimepanda.

Kwa hiyo hesabu kwa mama, usihesabu kwa kitanda. Kila wiki chagua majalada 10 kutoka kwenye rejista ya chumba cha upasuaji, kwa kuruka idadi ileile. Usichague kwenye kabati la wodi: majalada ya waliopewa rufaa na waliofariki hayapo pale, na hao ndio usiotaka wakukwepe. Andika namba ya utafiti bila jina, dawa, saa ya dozi ya kwanza, saa ya kisu, idadi ya dozi baada ya upasuaji, sababu iliyoandikwa na daktari na siku ya kutoka. Toa vipimo viwili: asilimia ya waliopata dozi ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, na asilimia ya wasio na maambukizi ambao hawakupewa dozi yoyote baadaye.

Kuna mtego mmoja mdogo unaoharibu tafiti zetu nyingi. Muuguzi anaandika dozi saa 3:40, kwa saa zetu. Rejista ya upasuaji inaandika kisu 10:05, kwa saa za kizungu. Ukiingiza hivyo hivyo kwenye kompyuta, unapata saa 6 na dakika 25, na mama anahesabiwa kuwa alidungwa mapema mno. Ukweli ni dakika 25, amepata dozi kwa wakati. Amua mfumo mmoja wa saa kabla ya jalada la kwanza, na kila saa yenye shaka rudi uulize.

Chora nukta moja kwa kila wiki. Wiki 12 za mwanzo usibadilishe kitu, kisha pitisha mstari wa kati, nusu ya nukta juu yake na nusu chini. Ukibadilisha utaratibu, subiri nukta sita mfululizo upande mmoja wa mstari huo ndipo useme kuna mabadiliko. Nukta moja ya mwezi mmoja, kama hiyo yenu, haisemi chochote.

Maambukizi ya mshono yafuatwe hadi siku ya 30, kwa simu siku ya 7, ya 14 na ya 30, kwa maswali yaleyale: usaha, mshono kufunguka, homa, kurudi kituoni. Mishono mingi inayofunguka hufunguka mama akiwa nyumbani, na anayehesabu wodini peke yake atapata sifuri ya uongo. Hata sifuri ya kweli kati ya kina mama 40 bado inaruhusu kiwango kinachokaribia 7 kwa 100. Ndiyo maana usiahidi kuthibitisha upya kwamba dozi moja inatosha. Kwa maambukizi ya asilimia 8 na tofauti isiyozidi asilimia 4, ungehitaji kina mama zaidi ya 550 kila upande. Majaribio makubwa yameshalijibu hilo. Kazi yako ni kuonyesha kwamba hospitali imefuata na kwamba mishono haijaharibika zaidi.

Jihadhari na wale wanaouza uchambuzi, wanaochukua jedwali lako Ijumaa na kukurudishia Jumatatu "p chini ya 0.05", yaani madai kwamba tofauti si ya bahati tu. Hawajui wodi yako, hawajui saa zilizochanganywa, na wakikosa namba wanaitunga. Grafu ya nukta unaweza kuichora kwa rula, na daktari ataisoma akiwa amesimama. Ukikusudia kuchapisha, kibali cha maadili kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au kamati inayotambuliwa kitangulie ukusanyaji wa takwimu. Hakipatikani kwa kurudi nyuma.

Kuhusu mabadiliko yenyewe, madaktari wa mafunzo hubadilishana wodi na mwongozo wa ukutani hufunikwa na kalenda. Ihamishe dawa. Vichupa viwili vya sefazolini na maji ya sindano vikae kwenye trei ya mtaalamu wa usingizi, naye ndiye adunge, na saa isomwe kwa sauti pale timu inaposimama kabla ya kisu. Orodha ya usalama wa upasuaji ina swali hilo tayari. Kisha kwenye dirisha lako, seftriaksoni ya mama aliyetoka upasuaji isitoke bila sababu iliyoandikwa. Siku ya kwanza utagombana, kwa hiyo saini ya mganga mfawidhi iwe mkononi kabla ya siku hiyo.

Mambo haya hayaishii kwenye mshono. Dozi 25 kwa mama, kina mama 40, ni michomo 1,000 kwa mwezi isiyo na kazi, na seftriaksoni hiyo inaua bakteria dhaifu wa tumboni na kuwaachia nafasi Klebsiella na E. koli wanaoivunja. Wanahamia kwenye mikono, kwenye masinki, na kwa kichanga wa kitanda cha jirani. Huyo akipata maambukizi ya damu, ampisilini na jentamaisini zikishindwa, seftriaksoni nayo itakuwa imeshindwa, na meropenemu, antibiotiki ya akiba, hospitali nyingi za wilaya hazina. Tukisema UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, sura yake ni hiyo.

Na huko mtaani hali ni mbaya zaidi. Kuna kina mama wanaoruhusiwa wakiwa na vichupa vilivyobaki kwenye mfuko wa plastiki, wakamalizie kwa mtu wa duka la dawa. Huyo ana seftriaksoni ya kila jambo: UTI, kikohozi, Widal (kipimo cha homa ya matumbo) iliyosoma kidogo, "sindano ya nguvu, tano tu unapona." Anachanganya dawa na lidokaini ya kudunga msulini, kisha anaipitisha kwenye mshipa, jambo linaloweza kusimamisha moyo. Anaitundika pamoja na dripu ya Ringer yenye kalsiamu, na kwa kichanga wa chini ya siku 28 mchanganyiko huo huganda na umeshaua. Mama mwenye mshono unaotoa usaha akifika kwake anauziwa vichupa vitano vingine, wakati anachohitaji ni mshono kufunguliwa, usaha kutolewa na sampuli kupelekwa maabara. Kwenye kadi ya kuruhusiwa ya kila mama aliyefanyiwa upasuaji, andikeni namba ya simu ya wodi na maneno haya kwa kalamu nzito: mshono ukivimba, ukitoa maji au ukipata homa, rudi hapa siku hiyohiyo, usinunue sindano.