The Dillards: nani ndugu nani si ndugu

Hapana mkuu, hao wanne wa The Dillards, bendi ya Marekani ya bluegrass (muziki wa kijijini wa banjo na fidla), si wote ndugu. Ndugu wa damu ni wawili tu, Doug wa banjo na Rodney wa gitaa, wa Salem kule Missouri. Hao walikulia kwenye muziki kabisa, mzee wao alikuwa anapiga fidla, na Doug alivyokolea na banjo ya Earl Scruggs, mpiga banjo maarufu, wazazi wakampeleka mpaka nyumbani kwa Scruggs mwenyewe. Dean Webb wa mandolini naye ni wa Missouri ila si wa familia. Mitch Jayne wa besi ndo tofauti zaidi, alikuwa mwalimu wa shule za vijijini na mtangazaji wa redio hapo hapo Salem, na kwa maoni yangu ndo aliyewabeba jukwaani maana stori na vichekesho vyote vilikuwa vyake. Watu wanachanganya sababu kwenye The Andy Griffith Show, kipindi cha vichekesho cha TV, kuanzia 1963, wote wanne waliigiza watoto wa mhusika mmoja, mzee Darling, na hata huyo mzee ni mwigizaji tu, Denver Pyle. Ila hiyo ni safu ya mwanzo, Doug alitoka 1968, nafasi yake akaingia mwanamuziki Herb Pedersen.