Nina miaka 44, ni mhasibu, nataka kuhamia kwenye data. Naanzaje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni mhasibu, mwaka wa 19 huu. Nimechoka kufunga hesabu kila mwisho wa mwezi, nataka kuwa mchambuzi wa data. Nimeangalia kozi mpaka kichwa kinauma, huyu anasema Python, yule SQL. Nianze na ipi? Nirudi chuo? Na je, niache kazi kwanza nipate muda?

JIBU: Nzuri dada. Naanza na hilo la mwisho maana ndo limenitisha: usiache kazi. Mi mwenyewe nilitoka kwenye ukaguzi wa hesabu nikiwa na 39, na miezi 8 ya mwanzo nilikuwa najifunza kwa muda wa saa moja kila asubuhi kabla sijaingia ofisini, basi. Mtu akishaacha mshahara anaanza kusoma na presha ya kodi ya nyumba, na presha hiyo inamfanya akubali kazi yoyote, mara nyingi ni ileile aliyoikimbia.

Chuo pia kisubiri. Siyo kibaya, ila bado hujajua kama kazi yenyewe unaipenda au umeichoka tu ya zamani, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Sasa SQL au Python. Python ni lugha ya kuandikia programu za kila aina, SQL ni lugha ya kuuliza maswali kwenye majedwali ya data. Kwa mhasibu ni SQL, sina hata haja ya kufikiria. Lugha yenyewe imekuzidi umri, ilianzia IBM miaka ya 70 na bado iko kila mahali, kwa hiyo usiogope kwamba utajifunza halafu ife. Na nusu yake unaijua bila kujua: ile pivot unayoitengeneza kwenye Excel kujumlisha kwa makundi, huku ni amri ya GROUP BY. Kufilta ni WHERE. VLOOKUP, ile ya kuchukua taarifa kutoka jedwali jingine, kwa kazi yake iko karibu sana na JOIN, yaani kuunganisha majedwali mawili. Pakua SQLite, programu ya kuhifadhi data na kuiuliza kwa SQL, ni ya bure, haitaki seva, data yote inakaa kwenye faili moja tu kwenye laptop yako.

Halafu jipe swali moja. Moja! Mfano: wateja gani wanachelewa kulipa, na wanachelewa siku ngapi? Tengeneza jedwali la ankara na jedwali la malipo, data ya kubuni au ya biashara ya rafiki aliyekuruhusu (ya mwajiri wako usiiguse bila ruhusa, hata ukifuta majina), yaunganishe, upate jibu.

Hapo kuna kitu nataka ukione kwa macho yako. Ankara ya 900 imelipwa kwa awamu tatu za 300. Ukiunganisha majedwali hayo mawili ile ankara inatokea mara tatu, ukijumlisha ankara unapata 2,700. Kompyuta hailalamiki, haikwambii kosa, inakupa namba safi kabisa. Kijana aliyetoka kwenye kozi ataiweka kwenye grafu nzuri na kuipeleka kwa bosi, lakini wewe utashtuka hapohapo kwa sababu kichwa chako kimezoea kulinganisha na leja, na jumla isiyolingana inakunyima usingizi. Hiyo miaka 19 ndo inayofanya kazi hapo. Dawa yake ni kujumlisha malipo kwanza kwa kila ankara, ndo uunganishe.

Kitu kingine, na hiki watu wengi wanakiruka kwa aibu: tafuta watu wawili au watatu wanaoifanya hii kazi, waombe dakika 20. Usiombe kazi. Usiulize "inalipa?" tu. Uliza: juzi ulifanya nini toka asubuhi mpaka jioni? Utashangaa, sehemu kubwa ya siku ni kusafisha data chafu, tarehe zimeandikwa kila mtu na yake, jina la mteja mmoja limeandikwa namna nne, na kubishana na idara nyingine maana ya neno "mauzo". Kama hayo yanakuchosha kuliko kufunga hesabu, heri ujue sasa hivi ukiwa bado na mshahara.

Jipe wiki 6, jioni mbili mbili kwa wiki. Ile JOIN ikikuzingua niandikie tena, na uniwekee query yenyewe (yale maagizo ya SQL uliyoandika) pamoja na idadi ya mistari kabla na baada ya kuunganisha, maana bila hizo namba nitakuwa nabahatisha.