Chumba na sebule, cherehani na makochi ya watu saba: nani apishe?

SWALI: Tumepanga chumba na sebule Mbagala, nyumba ya mlango wa mbele na baraza. Sebule ni futi 10 kwa 12, chumba futi 10 kwa 10. Mume wangu alikuja na seti ya makochi ya watu saba, mimi nimekuja na cherehani ya umeme yenye meza yake. Kuna friji, TV ya inchi 43 juu ya shokesi, na mtungi wa gesi upo kona ya sebule. Chumbani kuna kitanda cha sita kwa sita na kabati la milango mitatu ambalo mlango mmoja haufunguki kabisa. Yeye anafanya zamu ya usiku kiwandani, analala mchana, na anasema cherehani inamtoboa kichwa. Anataka niihamishie chumbani, ila chumbani ndimo anamolala! Mimi nataka makochi mawili yauzwe. Tupange vipi bila kugombana kila wiki?

JIBU: Dada, mna mambo mawili yamefungwa kitambaa kimoja: nafasi ya sakafu, na saa za kuitumia. Mkiyabishania pamoja hamtafika. Anza na sakafu, maana ile haina upande, inapimika.

Una futi kamba ya kushonea, hiyo inatosha. Sebule ya futi 10 kwa 12 ni sentimita 305 kwa 366, yaani mita za mraba 11 na kidogo. Kwa maelezo yako nachukulia kwamba mlango wa kuingilia na mlango wa chumbani vimetazamana, vyote upande wa kushoto, na dirisha liko ukuta mrefu wa kulia, karibu na mbele. Kama kwako ni kinyume, geuza mchoro tu, hesabu haibadiliki.

Kwanza toa njia. Kutoka mlango hadi mlango mnahitaji ukanda wa sentimita 90 usiowekwa kitu. Sentimita 75 zinapitika, lakini si kwa mtu aliyebeba ndoo. Ukanda huo unakula mita za mraba 3.3, zinabaki kama 7.9. Sasa pima makochi. Seti ya 3-2-1-1 ya kawaida ina kochi refu la sentimita 200, la watu wawili 150, na ya mtu mmoja 90 kila moja, yote yakiwa na kina cha karibu 90. Jumla ni mita za mraba 4.8. Zinabaki tatu za magoti, stuli, friji, shokesi, mtungi na cherehani. Hapo ndipo ugomvi wenu ulipo. Shemeji hana ubinafsi na wewe huna ukaidi. Vitu vimezidi chumba.

Vyumba hivi vya nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, vilijengwa kwa maisha ambayo sehemu kubwa ya siku ilipita nje: kupika uani, kuongea barazani, wageni ukumbini. Ndani ilikuwa ya kulala na kuweka sanduku. Leo tumeingiza jiko, ofisi na ukumbi wa wageni katika futi zilezile, kisha tunashangaa zinabana.

Ushauri wangu kuhusu makochi: baki na la watu watatu na moja la mtu mmoja. Yanayotoka yanaachia mita za mraba 2.1 hivi. Meza ya cherehani ya umeme huwa na urefu wa karibu sentimita 120 na upana wa 55 hadi 60. Ongeza sentimita 75 za kiti na mgongo wako, inakuwa mita za mraba 1.6. Inaingia, na kuna chenji.

Lakini usitangulize neno "kuuza". Seti aliinunua yeye kabla ya ndoa, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwachia kila mmoja wa wanandoa haki ya kumiliki mali yake. Nje ya sheria pia, kochi la mwanaume aliyeanza maisha peke yake lina heshima yake. Mwambie yatoke kwa wiki mbili, yahifadhiwe kwa ndugu au ukumbini kama majirani wanaridhia. Baada ya hapo mzungumze kuuza, na pesa itakwenda wapi, KABLA mnunuzi hajaja. Pesa isiyopangiwa kazi huwa ndiyo ugomvi wa pili.

Mpangilio wenyewe chora sakafuni kwa chaki, wote wawili mkiwepo, na mpite juu yake. Ukichora peke yako akarudi akakuta, utakuwa umeamua, hamjapanga.

Meza ya cherehani iwe ukuta wa dirisha, mwisho wa mbele, ikiacha sentimita 10 kutoka ukuta wa mlango. Hapo unapata mwanga wa mchana bila taa, mteja anaishia karibu na mlango, na uko mbali kabisa na ukuta wa chumba cha kulala. Baada ya meza, ukuta huohuo, kochi refu: 10 na 120 na 200 ni 330, umebakiza 36 kwenye kona, simamisha hapo marobota ya vitambaa. Kochi la mtu mmoja liegemee ukuta wa chumbani, lakini lisibanane na lile refu. Acha sentimita 35 kati ya ukingo wa mbele wa kochi refu na ubavu wake ili miguu ipate pa kwenda. Ukipima kutoka dirishani utapata 90, 35 na 90, jumla 215, hapo hasa njia inapoanzia. Friji ikae ukuta wa mbele, kati ya kiti chako na mlango. Friji ya upana wa sentimita 55 inaenea. Iache sentimita 10 nyuma, la sivyo joto halitoki, kompresa haipumziki na umeme wa LUKU unakwenda.

Shokesi itoke. TV ipandishwe ukuta wa kushoto, juu ya njia, ikitazama katikati ya kochi refu. Umbali wa macho hadi kioo utakuwa kama mita 2.2, na kwa inchi 43 hiyo ni nafasi nzuri. Katikati ya kioo kiwe sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Mafundi wengi huipandisha juu kama ya baa, mtu akikaa kochini shingo inauma. Muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Akikataa, tafuta stendi nyembamba yenye kina kisichozidi sentimita 25 na ukubali njia ya 65. Ni ya kubana lakini mtapita.

Sasa mtungi, na hapa sibembelezi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda dirishani, inatambaa sakafuni na kujaa chini, palepale zilipo kompresa na swichi za friji. Cheche moja inatosha. Mtungi na friji visikae sebule moja ya ukubwa huu, na chumbani hautakiwi kabisa. Una baraza: mwite fundi wa kuchomelea akutengenezee kasha la nondo lenye kufuli, lifungwe ukutani, liwe na matundu upande wa chini na kipaa cha kuzuia mvua. Mtungi usimame wima, na jiko liwe palepale nje. Kila ukimaliza kupika funga kwenye mtungi, si kwenye jiko tu. Paka povu la sabuni kwenye viungo vya mpira kila ukibadili mtungi. Likitoa mapovu yanayokua, kunavuja. Mpira wenye nyufa au uliokakamaa hautengenezwi, unabadilishwa. Na mvua ikinyesha usiingize jiko la mkaa ndani "kwa muda", kwa sababu hewa ya mkaa ukumbini au chumbani huua watu waliolala bila hata kuwaamsha.

Chumbani. Kitanda cha sita kwa sita, godoro ni sentimita 183 kila upande, na fremu inafika 195 hadi 200. Ukiweka kabati lenye kina cha 60 miguuni, unabakiwa na sentimita 45. Mlango wa kabati una upana wa kama 50. Ndiyo maana haufunguki, na hautafunguka hata mkisukuma kitanda mpaka kesho. Kuna njia tatu. Ya bei ndogo: ng'oa milango, tia fimbo na pazia, na wewe cherehani unayo, sentimita 45 zinatosha kusimama na kuchukua nguo. Ya pili ni milango ya kuteleza, kama mbao za kabati ni imara. Ya tatu, kitanda cha tano kwa sita, lakini hiyo inapunguza upana tu, urefu ni uleule, kwa hiyo haisaidii kitu ikiwa kabati linabaki miguuni. Watu wengi hununua kitanda kipya kwa kosa hili.

Usikubali kukisogeza kitanda hadi ukutani ili kupata nafasi upande mmoja. Ninyi hamlali kwa wakati mmoja. Atakayekuwa upande wa ukuta atamruka mwenzake kila akiamka, na usingizi wa mtu wa zamu haurudi kirahisi. Acha sentimita 55 kila upande. Kabati nalo lisigusane na ukuta wa nje; acha 5, kwa sababu masika ukuta unatoa unyevu na nguo za nyuma zinashika ukungu.

Tukishamaliza sakafu, tuje kwenye saa. Akitoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, kufika, kuoga na kula, amelala saa mbili, ataamka saa nane mchana. Umesema yeye anataka cherehani iende chumbani. Nadhani anachotaka ni kuwa nayo mbali na masikio yake, na amepanga kitu bila kupima. Kutoka saa mbili hadi saa tano asubuhi fanya kazi zisizo na sauti: kukata, kupasi, kutia vifungo, kupinda kwa mkono. Kwa kukatia nunua plaiwudi ya milimita 12, mwombe fundi aikate 120 kwa 75. Unailaza juu ya stuli, ukimaliza unaisimamisha nyuma ya kochi. Kuanzia saa tano anza kushona, ila baada ya kuituliza mashine.

Kuituliza ni hivi. Weka vipande vya mpira mnene, milimita 10 au zaidi, chini ya kila mguu wa meza. Mpira wa kandambili hulegea haraka, tafuta wa mkeka wa gari. Hakikisha meza haigusi ukuta popote, maana ukuta ndio unaopeleka mtetemo chumbani kuliko hewa. Kaza bolti za meza na za mota. Halafu angalia mota yenyewe: ile ya zamani ya klachi inazunguka na kunguruma muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata usiposhona. Mota ya servo inazunguka unapokanyaga tu. Ukiwa na pesa ya jambo moja mwaka huu, iwe hiyo. Inapunguza kelele na umeme pia. Pesa ya kochi ingeweza kuishia hapo, lakini hilo mkubaliane, usilitangulize.

Wateja wa kujaribu nguo wape saa tisa kwenda mbele. Kabla ya hapo huna mahali pa kumbadilishia mtu, kwani chumbani kuna mgonjwa wa usingizi. Bandika saa mlangoni kwa nje, wateja huheshimu kilichoandikwa kuliko kilichosemwa.

Naye shemeji ana zamu yake katika makubaliano. Kuanzia saa mbili usiku, siku asizokwenda kazini, sebule ni yake na mpira wake: kitambaa kimekunjwa, sindano zimo kikoponi, uzi haupo sakafuni. Wiki za wageni kutoka kijijini kochi refu linalaza mtu mzima mmoja. Wa pili analala kwenye godoro la futi mbili na nusu linaloingia chini ya kitanda chenu. Nyanyua kitanda kifikie sentimita 30 kutoka sakafuni, litaenea pamoja na masanduku mawili.

Umeme usiuache mwisho, ingawa wengi huuacha. Ekstensheni nzuri ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000. Za bei rahisi zina waya mwembamba na haziwezi hata nusu, ila maandishi juu yake ni yaleyale. Mota ya servo ya wati 550 na friji si tatizo. Pasi ya wati 1,200 ndiyo inayoyeyusha soketi, hasa ekstensheni ikiwa imekunjwa mviringo chini ya vitambaa. Pasi ichomekwe moja kwa moja ukutani, na friji iwe na soketi yake. Mkikuta sebule nzima ina soketi moja, hilo ni ombi la kupeleka kwa mwenye nyumba siku ileile mnayomwomba ruhusa ya kutoboa ukuta wa TV, na mwendapo kumwona nendeni wote wawili.