Jibu: Kati yangu na kakangu, nani apimwe sukari?

Dada, umeuliza kama ni kakako tu anafaa kupimwa juu ana kitambi na baba yenu ana sukari, ati wewe bado unapata hedhi so mishipa yako iko salama. Kwa kakako ni kweli, wanaume hupata sukari aina ya pili hata kabla hawajanenepa sana, mafuta yao hukaa ndani ya tumbo karibu na ini, aende tu. Lakini umetaja hapo chini, kama kitu kidogo, kwamba sukari ilipanda ukiwa na mimba ya mtoto wa mwisho, na hiyo ndio imenishtua. Aliyepata sukari ya mimba ako na hatari mara kadhaa zaidi ya kupata ile ya kudumu, hata kama ilishuka akishajifungua. Na istrojeni, ile homoni ya kike ya miaka ya hedhi, inasaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri, sawa, lakini sukari ikiingia hiyo kinga inaisha mapema, ndio maana inaongezea mwanamke hatari ya moyo kuliko inavyomwongezea mwanaume. Na wanawake wengi wakilalamika uchovu na kichefuchefu, ambazo zinaweza kuwa dalili za moyo, wanapewa dawa ya alsa (vidonda vya tumbo) warudi nyumbani, inaniuma sana.

Nendeni wote asubuhi kabla ya chai, hata kemisti hapo Kondele mdungwe kidole. Ikisoma 7.0 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu) ama zaidi irudiwe maabara, 6.1 hadi 6.9 bado kuna nafasi ya kuirudisha. Mwambie muuguzi kuhusu hiyo mimba hata asipouliza, na akupime presha pia.