Barua kwa mwanangu: mnyoo wa motoni na mwani wa mamako

Waalaykum salaam mwanangu. Voisi yako tumeisikia jana baada ya isha, mamako kacheka kisha akanyamaza, maana swali lenyewe linamgusa yeye kuliko mimi. Unasema umeona video huko Maskati ya mnyoo wa chini ya bahari anaeishi kwenye maji ya digrii 80 wala hafi, sasa iweje mwani wa mama hapa Pemba ufe kwa joto la kaskazi tu? Haya, mwalimu mstaafu kapewa homuweki.

Huyo mnyoo anaitwa Alvinella pompejana, mdogo tu, sentimita 10 hivi, yuko Pasifiki ya mashariki kwenye kina cha kama mita 2,500. Jina kapewa la Alvin, ile nyambizi ya Wamarekani iliyowapeleka watu kuziona chemchemi za maji ya moto za chini ya bahari mara ya mwanzo, karibu na Galápagos mwaka 1977. Kajenga mrija wake kwenye ukuta wa bomba la mawe linalotoa maji meusi ya digrii 350 na kuzidi, na hayachemki, kwa sababu bahari nzima imeyalalia juu, mgandamizo wake kama mara 250 ya huu wetu wa nchi kavu. Lakini sogea pembeni kidogo tu, ushaingia kwenye maji ya digrii 2.

Sasa hiyo 80 imetoka wapi? Mwaka 1998 watafiti walitia kipimajoto ndani ya mirija, chini wakakuta wastani wa digrii 68, mara kwa mara inaruka kupita 80, na pale mdomoni anapotoa kichwa 22 tu. Basi ikavuma kuwa mnyoo mkia wake uko kwenye 80. Lakini hebu mkumbuke bibi yako akipika mikate ya mofa, mkono unaingia tanurini, unabandika mkate ukutani, huo ushatoka. Ukipima tanuri utapata namba ya kutisha na ni ya kweli, ila ni namba ya tanuri, si ya mkono wa bibi yako! Wale walipima nyumba, hawakumpima mwenye nyumba.

Na kumpima mwenyewe ilikuwa tabu kwelikweli, maana ukimpandisha juu ule mgandamizo unapotea, anafika hoi au keshakufa. Mpaka Wafaransa wakapata chombo cha kumpandisha huku mgandamizo wa kule chini umefungiwa humohumo, wakampima hai, na majibu yakatoka 2013: kwenye digrii 50 mpaka 55 anakufa. Jamaa yake wa upande wa kaskazini, Paralvinella sulfincola, 2006 walimuweka kwenye tangi la mgandamizo, upande mmoja digrii 20 upande mwengine 61, achague mwenyewe. Akajikalia baina ya 40 na 50, 55 anapitapita tu.

Kwa mnyama hiyo bado ni ajabu, tusimvunjie heshima. Kupita hapo protini zinapoteza umbo, utando wa seli unavuja, na maji yakiwa ya moto hewa ya oksijeni inakuwa haba. Wanaokwenda mbali zaidi si wanyama, ni vijidudu vya seli moja. Wajapani 2008 walitangaza Methanopyrus kandleri aliezaliana kwenye digrii 122, na huyo katoka Bahari yetu ya Hindi hii hii, sehemu inaitwa Kairei, kusini mashariki ya kisiwa cha Rodrigues. Hapohapo kuna na konokono mguu wake umevaa magamba yenye madini ya chuma, nikipata nafasi nitakuhadithia.

Sasa mwani. Mnyoo akiona moto umezidi anajivuta mbele kwenye maji ya baridi, mwani umefungwa kwenye kamba baina ya vigingi viwili, uende wapi? Kotonii, huu mwani anaolima mamako, raha yake digrii 25 mpaka 30. Kaskazi, bamvua, maji yanakupwa saa nne saa tano jua lishapanda, yaliobaki ni ya magotini na ya uvuguvugu. Juzi mamako kanionyesha kichane kimoja, ncha nyeupe kabisa, laini, akakibana kwa vidole viwili kikakatika pale ulipofungwa. Kwa hiyo usiulinganishe kwa 80, kila mmoja ana mpaka wake na wote wawili wanaishi karibu na mpaka, huyo mnyoo nae mzidishie digrii chache tu anakwenda kama mwani ulivokwenda. Spinosum, aina nyengine ya mwani, inavumilia zaidi ila bei yake ndogo, unaijua, na kupeleka kamba kwenye maji mengi wenzake mamako wengi hawajui kuogelea, nani atawashika?

Ukija Idi niletee kipimajoto cha kuzamisha, chenye waya mrefu, nataka tupime palepale kwenye kamba maji yakikupwa. Si cha homa kama ulicholeta mara ile. Na mamako anasema uongeze na kamba za nailoni, huku zimepanda bei.

Babako