Maharage si nyama, lakini kilo kwa kilo yanajitetea

Dada, umeuliza kama nyama ikizidi kupanda mtu ahamie maharage moja kwa moja. Kwa watu wazima, naona sawa kabisa. Kilo ya maharage makavu ina protini kama gramu 210 hivi, na ukiyapika yanavimba zaidi ya mara mbili. Kilo ya nyama mchanganyiko buchani unapimiwa na mfupa wake. Tena maharage yakiliwa na wali au ugali, aina ya protini inayopungua huku inajazwa kule.

Gharama iliyojificha ni mkaa. Ili yaive haraka, mimi nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji, nabandika kwa maji mapya. Chumvi na nyanya naweka yakishaiva, maana nyanya ikiwahi yanabaki magumu na mkaa unaisha.

Ila kwa mtoto mdogo hapo nakukatalia. Vitamini B12, ile ya kujenga damu na mishipa ya fahamu, haimo kwenye maharage wala mchicha, na madini ya chuma ya kwenye mimea mwili unayafyonza kwa shida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au yai kila siku. Si lazima steki. Dagaa wakavu, ukiwachambua mchanga, ukawaosha, ukawakausha na kuwasaga, kijiko kimoja kwenye uji kinatosha kuanzia. Mtoto wa miezi 8 asinyimwe hicho kijiko kwa sababu ya bei ya nyama.