Mjomba, nitakaa na nani huko?

Wiki iliyopita mpwa wangu, ambaye mwezi wa tisa anakuja kuanza shahada Uingereza, aliniuliza kwenye kundi la ukoo: "Mjomba, huko chuoni kuna Weusi wenzetu, au nitakuwa kunguru kwenye kundi la yangeyange?" Mama zake wadogo wakacheka. Mimi nikajibu "wapo tele" nikaendelea na shughuli zangu. Lilikuwa jibu la kivivu. Jibu lenyewe hili hapa, mwanangu, na wenzako wanaofungasha mabegi nao walisome.

Ni kweli wapo. Ukija mji kama huu wangu wa Manchester, utawaona tangu kituo cha treni.

Siku ya kujiandikisha utapewa fomu inayokuuliza wewe ni nani: Mweusi Mwafrika, Mweusi Mkaribi, Mweusi mwingine, mchanganyiko, na kuendelea. Kwetu sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, mama yako hajazaliwa, kwa hiyo mimi nilikodoa macho. Tanga nilikuwa Mdigo kwa baba, Msambaa kwa mama, mtoto wa Ngamiani. "Mweusi" tulimwita binamu yetu mmoja kwa utani. Nikatia alama kwenye Mweusi Mwafrika, nikadhani yamekwisha.

Karibu kila chuo kina jumuiya ya wanafunzi wa Kiafrika na Kikaribi, wenyewe huiita ACS. Nenda. Ila ujue Afrika ya pale ni Lagos na Accra. Usiku wangu wa kwanza nilisimama ukutani na soda yangu, muziki siujui, utani unanipita, watu wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawatoka: wali mwekundu wa nani mtamu, wa Nigeria au wa Ghana? Nikataja pilau. Kimya. (Wali wao mtamu, sitaki uongo. Lakini bizari hakuna.) Wengi wao wamezaliwa London, wana bendera kubwa kuliko yangu, na Afrika wameiona likizo mbili tu. Wakarimu, hata hivyo. Nilirudi chumbani na sahani imefunikwa.

Sasa nikwambie ninaloliona haya. Mtanzania mmoja mkubwa aliyenipokea aliniusia siku ile ile: Wanigeria kaa nao kwa akili, Wajamaika usikae nao kabisa, ni bangi na kesi. Nikaumeza usia mzima mzima. Darasani kwetu alikuwepo kijana aliyezaliwa Moss Side, hapa hapa mjini, ambaye bibi yake alikuja kutoka Jamaika miaka ya hamsini. Alinisalimia kila Jumatatu. Kwa miezi mitano nilimwitikia kwa ncha ya ulimi.

Usiku mmoja wa Februari tuko maktabani, watu kama arobaini. Mlinzi akapita meza zote, akaja kwenye mbili: yangu na ya yule kijana. Vitambulisho. Mimi nilisimama haraka nikatoa kitambulisho, pasipoti, na barua ya udahili niliyokuwa natembea nayo kama hirizi. Yeye hakuinuka. Akauliza taratibu, "Na wale umewauliza?" Kisha akaandika saa na jina lililokuwa kifuani kwa mlinzi. Mlinzi alipoondoka, akanigeukia: "Wewe umetoa karatasi nyingi mno." Tulicheka mpaka tukanyamazishwa.

Yeye ndiye aliyenipeleka mtaa wa Cavendish kunionyesha jengo la zamani la manispaa ya Chorlton-on-Medlock. Umebaki uso wake tu, na leo ni sehemu ya Manchester Metropolitan University. Hapo ndipo ulipofanyika Mkutano wa Tano wa Umajumui wa Afrika, Oktoba 1945. Kwamba Kenyatta na Nkrumah walikuwepo nililijua tangu sekondari. Kumbe sehemu ya pesa za mkutano ule ilitoka kwa Ras Makonnen, mzaliwa wa Guyana, aliyekuwa na migahawa barabara ya Oxford, na ambaye baadaye alihamia Kenya akafia Nairobi mwaka 1983. "Uhuru wenu umelipiwa na mchuzi wetu," jamaa akaniambia. Na mimi ndiye niliyekuwa namkwepa.

Ukiulizwa unatoka wapi utasema Tanga, muulizaji ataridhika hata kama haijui. Yeye akisema Moss Side, anaambiwa hapana, asili hasa. Jamaika amefika mara moja, kwenye harusi, wakamwita Mwingereza. Aliniambia ananionea wivu. Katika maisha yangu sikuwahi kuonewa wivu kwa ajili ya Tanga.

Mengine nayapitia haraka. Usingojee mwalimu wa kufanana nawe: kati ya maprofesa mia wa nchi hii, Mweusi ni kama mmoja. Oktoba ni Mwezi wa Historia ya Weusi, utaombwa kupigwa picha na kuzungumza kila jukwaa. Novemba simu hazilii. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na ziko jioni ambazo hata jumuiya kumi hazikufai kitu, unataka tu kusikia mtu akigomba kwa Kiswahili. Mimi siku moja kama hiyo niliingia kwa kinyozi, nikapiga kelele ya maumivu, "Mama yangu wee!" na mkasi ukasimama: "Weye unatokaka wapi?" Wa Bukavu. Kiswahili chetu nusu tunaelewana, nusu tunachekana. Dada yake anasuka, kwa hiyo la nywele liko mikononi mwangu.

Mama yako akifungasha ubuyu wangu, mwambie aweke makopo mawili. Yule wa Moss Side mwaka jana alinimalizia lote, akabaki ananionyesha ulimi mwekundu.